Barua Zote za Bi Fundo

Miaka thelathini na mmoja Bi Fundo alipanga barua posta, na hakupoteza hata moja. Ukikaa naye dakika tano tu, hilo utaambiwa mara mbili. Jina lenyewe alilipata kazini: wenzake walifunga mifuko ya barua kwa fundo moja, yeye alifunga kwa mawili, tena la pili alilikaza mpaka kidole kikabaki na alama.

Alipostaafu, nyumba ilimpwaya. Alipanga vijiko, akapanga vitambaa, akapanga hata chupa tupu kwa urefu. Binti wa kaka yake, anayeandika programu za kompyuta, akamwonea huruma. Jumamosi moja alikuja na kompyuta yake ya zamani, akaiweka juu ya meza ya chakula.

"Shangazi, kuna kundi la majadiliano la wastaafu wa posta. Wanaandikiana kutwa."

"Mbona hamna picha?" Bi Fundo aliuliza, akiikodolea macho skrini nyeusi yenye maandishi meupe.

"Hamna picha, hamna kipanya. Ni kuandika amri na kubonyeza Enta. Mishale ya kuchagua barua, kitufe kirefu cha kushuka chini. Haya, nikuandike nani?"

"Bi Fundo. Nina jina jingine mimi?"

Binti akaliandika, akamfungulia kundi, akaenda zake. Barua elfu moja mia nne zilikuwa hazijasomwa. Mtu mwingine angesoma tano za juu, akaenda kupika chai. Bi Fundo alianza na ya kwanza kabisa, ya miaka sita iliyopita, maana kwake barua kulala ni aibu. Kufikia Jumatatu alikuwa kwenye ya mia mbili, amecheka mpaka mbavu zinamuuma, ila mwenyewe hajaandika neno. Ataandika nini, na nani anamjua?

Jumanne asubuhi, akitafuta namna ya kurudi nyuma, akabonyeza herufi C. Skrini ikamuuliza jambo kwa ufupi. Akajibu ndiyo bila kusoma, kama wafanyavyo wote wenye haraka. Palepale orodha ikawa tupu.

Barua za watu, mamia kwa mamia, zimepotea mikononi mwake! Alimpigia binti wa kaka yake; simu ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena na tena. Angeweza kuizima kompyuta akanyamaza kimya, lakini posta mtu akipoteza barua huripoti. Basi akatafuta kitufe cha kuandika barua mpya, na kwa kidole kimoja akaliandikia kundi zima:

"Ndugu wastaafu, leo saa tatu na dakika kumi asubuhi nimepoteza barua zenu zote. Sikukusudia. Kwa miaka thelathini na mmoja halijanitokea. Naomba radhi, na niko tayari kwa hatua yoyote. Bi Fundo."

Akatuma, akakaa mikono mapajani akisubiri kufukuzwa.

Majibu yalianza kuingia kabla chai yake haijapoa. Mmoja alisema amecheka hadi mkewe akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Mwingine, aliyewahi kuwa mkuu wa tawi, alimweleza taratibu: barua zipo palepale na kila mtu anazo, C inaweka tu alama, kwenye kompyuta yako peke yako, kwamba umeshazisoma zote, na orodha huonyesha zile tu ambazo hujasoma. Akamwandikia amri ya kuzirudisha. Bi Fundo akaifuata herufi kwa herufi, na barua zikaijaza skrini tena. Akaipiga meza kofi kwa furaha, chai ikamwagika.

Jibu la saba lilitoka kwa mzee aliyefanya kazi ofisi ya posta ya mwisho kabisa kwenye njia ya reli, mahali ambapo Bi Fundo hajawahi kukanyaga.

"Bi Fundo wa mafundo mawili? Dada, miaka kumi na mmoja nimefungua mifuko yako. Kamba tulikatazwa kuikata. Za wenzako nilifungua kwa kidole, zako kwa meno. Nilikusema vibaya kila asubuhi. Lakini mfuko wako haukuwahi kufika umefunguka, na siku zote nilitamani kukujua."

Bi Fundo aliisoma mara tatu, machozi yakimlengalenga huku anacheka. Kumbe miaka yote ile upande wa pili wa mfuko kulikuwa na mtu.

Simu ikaita. "Shangazi, nimekuta umenipigia mara nane. Kuna nini?"

"Nitakupigia baadaye, mwanangu," alisema Bi Fundo. "Nina barua ya kujibu."