Nilisema Papa Hupangiwa Jina

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Mimi ni katekista hapa Ifakara, na kwa miaka mingi nimefundisha watu wazima jambo ambalo si kweli, kwa sauti kubwa na chaki mkononi. Leo naandika huku nacheka, lakini yaliyotangulia kicheko yanatia aibu.

Darasani kwangu alikuwepo mama mmoja Msukuma, mfugaji wa Katindiuka. Tunamwita Mama Kulwa. Alikuwa anajiandaa kubatizwa Pasaka, na hakukosa kipindi hata barabara ilipojaa maji. Alivua ndala, akavuka, akafika kabla yangu.

Majina ya ubatizo nilikuwa nayagawa mwenyewe. Natazama kalenda ya watakatifu, naandika, yamekwisha. Yeye nilimwandikia Skolastika.

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi jina ninalo. Nimeshalichagua."

Sikumuuliza hata ni lipi. Nilimjibu, "Mama, hata Papa hachagui jina. Makardinali wanampangia, naye anapokea. Sembuse wewe?"

Darasa likacheka. Mama Kulwa akajifunga kanga vizuri, akasema, "Haya, mwalimu," akatoka. Hakurudi tena. Pasaka ikafika, wenzake wakabatizwa, yeye hayupo. Nikajisemea, kiburi hicho.

Baada ya wiki chache akachaguliwa Papa mpya. Tulijazana dukani kwa jirani mwenye televisheni, tukashangilia moshi mweupe mpaka koo zikakauka. Ndipo mtangazaji akaeleza kwamba aliyechaguliwa, akishakubali, huulizwa anataka kuitwa nani, naye hujichagulia mwenyewe.

Duka zima likanigeukia. "Mwalimu, si ulituambia anapangiwa?"

Nikasingizia tumbo, nikaondoka.

Na kwa kuwa naungama, niseme yote. Njiani niliomba Mungu Mama Kulwa asisikie. Nilijipa moyo kwamba kule mazizini hakuna umeme. Nikasahau kuwa kuna redio.

Asubuhi napiga mswaki uani, naona baiskeli inaingia. Ni Mama Kulwa, kibuyu cha maziwa kimefungwa nyuma, anacheka mpaka usukani unayumba.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia kwa kichwa, povu limejaa mdomoni.

"Eti mwalimu, Papa kapangiwa?"

Nilitaka kujibu, kicheko kikanishika, povu likatokea puani. Mama Kulwa aliponiona hivyo akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Tukacheka wote wawili kama watoto, mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Nilipopata pumzi nikamwambia, "Nisamehe, mama. Hilo jina lako ni lipi?"

"Febronia."

Febronia ni jina la marehemu mama yangu.

"Tulipohamia bonde hili," akasema, "watu wengi walituogopa kwa sababu ya ng'ombe. Nilikuwa na pacha wachanga, mvua inanyesha. Mama yako akanifungulia mlango, akanipa uji. Ndiye aliyenifundisha kupanda mpunga."

"Ulijua mimi ni mwanawe?"

"Mwalimu, kwani mimi nilifuata nini darasani kwako?"

Nikampeleka kwa paroko siku ileile, nikaeleza kila kitu mbele ya wote wawili. Paroko alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanifundisha upya. Hakuna orodha ya majina anayopangiwa Papa. Papa huchagua, mara nyingi kumheshimu aliyemtangulia au kuonyesha njia atakayoishika. Zamani alikuwepo mmoja aliyeitwa jina la mungu wa kipagani, naye akaona halifai, akajichagulia jingine.

"Na huyu mama amefanya vilevile," paroko akasema. "Sasa nitamfundisha mimi, wewe utakaa dawati la nyuma, usikilize, mpaka nikuambie basi."

Nikakaa wiki nne, na wale niliowafundisha wakawa wanapita dirishani kunichungulia. Nilistahili.

Jumapili iliyopita, kwenye ubatizo, paroko alimuuliza Mama Kulwa anataka kuitwa nani. Akajibu, "Febronia," kwa sauti iliyofika hadi kwa walioegesha pikipiki nje. Wanawake wakapiga vigelegele, nami mtu mzima na mvi zangu nikarukaruka kama ndama.

Ninyi mnaofundisha wenzenu, jambo msilolijua semeni hamlijui. Na mtu akinyoosha mkono, msikilizeni kwanza. Mimi nilibakiza kidogo nilifungie jina la mama yangu nje ya kanisa.