Nahodha wa Kaunti Aliyetufunza Kriketi Kule Maua

Mwezi uliopita nilipita karibu na uwanja mmoja Nairobi nikasikia mpira ukigonga gongo la kriketi. Ule mlio mkavu ulinisimamisha kando ya ua kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Kwetu Maua, rafiki yangu, hakuna aliyeujua mchezo huo mpaka alipokuja mwalimu wetu wa Kiingereza, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu kwa jua. Kwao Uingereza alikuwa nahodha wa timu ya kaunti kwa miaka mingi. Alishika panga akafyeka uwanja pamoja nasi. Jioni, tukishamaliza kuchota maji na kukatia ng'ombe majani, tulicheza hadi ukungu wa milima ya Nyambene ushuke, pikapu za miraa zikinguruma barabarani. Nyanya yangu alituletea githeri ya moto, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria, na mwalimu alikula kwa mkono kama sisi. "Tazama mpira, usinitazame mimi," alizoea kusema. Tulimpenda sana.

Jioni moja mwalimu wa historia aliingia uwanjani, uso umemkunjamana.

"Redio imekutaja," alimwambia mwalimu wetu. "Eti uliongoza timu kwenda kucheza Afrika Kusini, kwa makaburu, wakati dunia imewasusia. Ni kweli?"

Mwalimu wetu aliushika mpira kifuani. "Ni kweli. Nilikuwa nahodha wa timu hiyo. Niliporudi, kaunti ikaniondoa."

Nahodha wetu sisi wanafunzi, mvulana kutoka Kangeta asiyekuwa na maneno mengi, akauliza polepole, "Watu weusi walikuwa wanakaa wapi, mwalimu?"

"Nyuma ya seng'enge. Niliwaona kila siku, na nikaendelea kucheza."

"Huko ungetufunza sisi?"

"Wasingeniruhusu." Aliugeuza mpira mkononi. "Na mimi nisingeomba."

Nahodha wetu alivua glavu, akaziweka kwenye nyasi, akaondoka. Tulimfuata mmoja mmoja. Mimi nililia njia nzima, na sikujua nalilia nini hasa.

Nyumbani nilimsimulia nyanya. Alikuwa akichochea moto jikoni, moshi ukimzunguka. "Sasa kesho nimpelekee chakula au nisimpelekee?" aliuliza. Kesho yake alipeleka, akarudi na sufuria ikiwa bado imejaa. Alisema alimkuta mwalimu uwanjani peke yake, amesimamisha vile vijiti vitatu vya kulenga mpira, akingoja.

Aliondoka kabla ya muhula kwisha, bila kuagwa. Mvua ziliponyesha, ule ukanda wa kuchezea tuliousawazisha kwa miguu yetu ukamezwa na nyasi, tukarudia mpira wa miguu. Siku hizi pale ni madarasa ya mawe, na nyanya alishatuacha.

Baadaye nilipata walimu wengi wazuri, wengine wakarimu kuliko yeye. Lakini sikuwahi tena kumpenda mwalimu vile, kwa moyo wote, bila kujiuliza kwanza alitoka wapi na alifanya nini huko.