Mwaka wa Siku Nne

Baba alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote: mwakani. Mshenga alipokuja mara ya kwanza kuniposa kwa niaba ya fundi redio wa Korogwe, baba alimkaribisha vizuri, akamlisha, kisha akamwambia mahindi yameungua na jua, aje mwakani. Mwaka uliofuata masika ikatukimbia tena pale kijijini kwetu Kwedizinga, akasema mwakani. Mwaka wa tatu ghala lilijaa hadi tukaazima magunia, na baba, bila haya, akasema mwakani. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu ya namna hiyo ilinipandisha hasira.

Huyo fundi, baba mwenyewe ndiye aliyenituma kwake. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, redio za nje zimejaa minadani, zinang'aa, nyingine zinakufa kabla ya betri. Ya baba ilikufa wiki ya pili. Nikatumwa nayo Korogwe. Redio ikapona, nikarudi mgonjwa mimi.

Redio hiyohiyo ndiyo iliyoleta habari ya sayari. Baba aliisikia Jumamosi asubuhi, na hadi adhuhuri alikuwa ameshaitangaza dukani na msikitini: wataalamu wamegundua sayari inayozunguka jua la mbali, si hili letu. Ni kubwa kuliko dunia mara nyingi, ni gesi tupu, haina hata pa kukanyaga, na imeligandia jua lake kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Ukipeleka sufuria huko itayeyuka kabla hujatafuta maji. Na mwaka wake, alimalizia kwa furaha kana kwamba kaupanga yeye, ni siku nne na ushei.

Alasiri tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, akaanza tena. Nikamwuliza, kwa adabu zote, kama ana hakika na hizo siku nne. Akaapa. Nikamwambia basi, kwa hesabu ya kule, mchumba wangu amesubiri zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, na mshenga keshakufa na kuzikwa. Baba alicheka hadi akafuta machozi kwa pindo la shati. Kisha akajitetea kwamba kule hakuna mwaka wowote, maana mwaka ni mavuno, na gesi haioti mahindi. Nikamwonyesha ghala kwa kidole.

Alilipukuchua hindi lake hadi likabaki gunzi, akalitupa kando.

"Mahindi yapo, mama," akasema. "Ila tangu mama yako afariki, sijawahi kula peke yangu. Naogopa hilo tu."

Hasira zikaniisha, nikabaki na aibu. Miaka mitatu nilimwona mkaidi, kumbe mtu mzima naye huogopa. Nilitaka kumwambia sitaolewa, nitakaa naye. Nashukuru alinitangulia kusema.

"Mwambie mshenga aje mwakani."

Nikainamisha kichwa, machozi yakinilenga. Akanigusa bega.

"Mwaka wa kule, mama. Leo Jumamosi. Hesabu mwenyewe, si mwalimu?"

Jumatano baba alivaa kanzu tangu alfajiri. Mshenga alichelewa, basi la Korogwe lilipasuka gurudumu, na baba akatuambia tusiwe na wasiwasi, huo ndio ule ushei. Posa ilikubaliwa kabla chai haijapoa. Nilifurahi kupita kiasi, nikavunja kikombe.

Wageni walipoondoka niliingia jikoni kusonga ugali. Baba akanifuata, yeye ambaye jikoni hupita tu kuomba moto, akaketi, akakunja mikono ya kanzu yake nyeupe, akaniomba nimwonyeshe maji huwa kiasi gani. Nikampa mwiko. Ugali wake ulijaa mabuja ya unga mkavu na katikati ulikuwa mbichi. Tuliumaliza wote.