Siku Mifumo Iliposomana

Kwa miaka mingi nimekuwa nikienda kazini Chake Chake kuambiwa neno moja: mifumo isomane. Mfumo wa kompyuta wa kilimo usome wa mazingira, wa mazingira usome wa kilimo. Wakubwa walilisema kwenye semina, tukala sambusa, tukarudi. Kusoma kwenyewe nilikuwa nakufanya mimi, flashi mfukoni, natoka ofisi hii nakwenda ile, kwa sababu kilimo waliandika shamba kwa jina la mwenyewe na mazingira kwa picha iliyopigwa kutoka angani. Macho yaliniuma mpaka nikayazoea maumivu.

Mwaka jana hatimaye ikasomana. Furaha haikufika adhuhuri. Mfumo ulitoa orodha ya mashamba ambayo pande mbili hazikubaliani, na kwa kila shamba ukataka nichague jibu moja, jingine lifutike. Nikachagua, nikachagua, hadi nikakwama kwenye bonde moja upande wa Kiuyu. Kilimo wanasema mpunga. Mazingira wanasema mikoko. Mkuu wangu akaniambia nichague lolote nimalize. Lakini bonde lile lilikuwa linaombewa tuta la kuzuia maji ya bahari, na mimi nikaona watu wa mazingira wamekosea tena na picha zao. Nikaenda ili niwaumbue.

Hawakukosea. Bonde zima lilikuwa mikoko michanga, inafika magotini. Kando ya njia tu palikuwa na kipande cha mpunga, upana wa mikeka miwili, na mwenye bonde, mama wa rika la mama yangu, kajifunga kanga kiunoni anaupalilia. Nikamwamkia, nikamweleza nilikotoka.

"Huu unavuna, mama?"

"N'vune nini, mwanangu? Hauzai huu. Chumvi ishaingia kote." Akanyoosha mgongo. "Miye naupanda ili bwana shamba akipita auone, aniandike mpunga. Tuta hujengewa wenye mpunga. N'kiandikwa mikoko, bonde la mama yangu ndo lishakwenda."

Nilichoka pale pale niliposimama. Kila mwaka anapoteza mbegu na mgongo wake kwa ajili ya karatasi zetu, na mwenye karatasi ndiye mimi.

"Sasa weye utaandika nini?" akaniuliza.

"Mpunga," nikasema.

Akaniombea dua ndefu, mpaka nikaona haya.

Ofisini nilichagua mpunga, mikoko ikafutika. Mkuu akauliza kama nimekwenda kuhakiki, nikasema nimekwenda. Wala sikujuta. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilijiona nimemfaa mtu.

Mpango wa matuta ulitoka kabla ya masika. Nikalitafuta bonde lake, silioni. Nikampigia mhandisi anayesimamia. Akanijibu kwa upole kwamba wanaanza na mabonde yaliyokwisha kuingiwa na bahari, na la yule mama, kwa taarifa zetu wenyewe, lina mpunga na halina dalili yoyote ya chumvi. Zamani, akasema, pande mbili zilipokuwa zinabishana, wangelitilia shaka na kwenda kulitazama. Sasa mifumo inasomana, hakuna haja ya safari.

Dalili ilikuwa ile mikoko, nami niliifuta kwa mkono wangu.

Kuirudisha kunataka barua, na baada ya barua kikao, na baada ya kikao kusubiri mpango mwingine. Barua nimeandika. Nimeeleza kwamba nilidanganya, na kwa nini. Hakuna aliyenijibu, hata wa kunifokea.

Wiki iliyopita yule mama alinipigia simu. Aliniuliza hali, akawaulizia wanangu, akaulizia kazi. Kisha akasema, "Mwanangu, hao wa tuta wanakuja lini?"

Nikamwambia bado wanapanga.