Matawi niliyoyaweka baada ya kona

Leo baba yangu amebeba kosa langu mbele ya trafiki.

Lori letu, Fuso, lilizimika mlimani Rhotia. Pembetatu ya kuonya magari hatuna. Baba akasema, "Kata matawi, binti yangu, uyaweke kabla ya kona."

Mvua ilikuwa kubwa. Niliyaweka baada ya kona, karibu na gari.

Gari aina ya Noah likatugonga. Gari la watalii likaigonga Noah. Dereva wa Noah amevunjika miguu yote miwili.

Trafiki akapima umbali, akatikisa kichwa. "Mtu anayaona akiwa ameshagonga. Nani aliyaweka hapa?"

"Mimi, afande," baba akajibu haraka.

Nikamwacha aseme hivyo.

Sasa yuko mahabusu. Nimempelekea chai, akaniambia, "Nenda nyumbani, mama, ubadilishe nguo, umelowa."

Bado nimekaa nje ya kituo. Jamani, mnaanzaje kusema, "Ni mimi niliyeyaweka"?