Mlezi Ambaye Kocha Hakumchagua

Fransiska Mallya alikuja Arusha kutoka Kibosho akiwa msichana, akaajiriwa kiwanda cha mablanketi, idara ya kufuma. Kwa urefu aliokuwa nao, wiki hiyo hiyo walimwingiza kwenye timu ya mpira wa kikapu. Zamani hizo kila shirika la umma lilikuwa na timu zake, na yetu watani waliiita Mablanketi. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba muda wote niliokaa pale. Nimeketi benchi sana, na mtu wa benchi huona mengi.

Miaka ya tisini ilipoanza, kiwanda kilitangazwa kuuzwa. Wafanyakazi wakapunguzwa kwa mafungu, mashine zikazimwa, tukaambiwa mwekezaji yuko njiani. Fransiska naye alipunguzwa, akaanza kuuza viatu vya mitumba karibu na stendi. Lakini timu haikufa. Jioni tulirudi kwenye uwanja wetu wa saruji nyuma ya maghala matupu, na mlinzi mpya wa geti, Lemburis, alituachia tuingie kwa kuwa hakuna aliyemwambia atuzuie.

Kocha wetu, Philemoni, alikuwa Mmeru wa Poli, mtu wa maneno machache. Siku moja alikwenda soko la Tengeru kutafuta mbegu za migomba, akamwona msichana anarusha kabichi juu ya lori. Aliyekuwa juu ya lori anadaka, na msichana hata hamtazami, anarusha tu, na kila kabichi inafika mikononi. Kocha hakununua mbegu. Alikwenda kuzungumza na mama wa yule msichana, na baada ya muda si mrefu Tabea Sumari akahamia kwa shangazi yake, jirani kabisa na kiwanda, akawa chipukizi wetu.

Timu yetu ilikuwa na desturi. Mchezaji mpya hakuachwa hivi hivi, alikabidhiwa kwa mkongwe mmoja amlee: amfundishe kusimama, kula, kulala mapema, kunyamaza refa anapokosea. Kocha alichukua muda kuchagua, maana alisema mlezi mbaya huharibu mchezaji kuliko kukosa mlezi. Kwa Tabea sote tulijua atampa Agnela, mfungaji wetu hodari. Jioni ya kumkabidhi, mlima umejifunika mawingu na manyunyu ya Julai yanaanza, kocha alituita katikati ya uwanja.

"Tabea," alisema, "leo nakukabidhi kwa mlezi wako."

Tabea alishangaa. "Mbona nilishapewa, Kocha?"

"Na nani?"

"Si wewe uliyemtuma yule dada wa asubuhi? Kila nikija alfajiri namkuta. Ananifundisha vizuri sana."

Tulitazamana. Hakuna mkongwe aliyekuwa akija uwanjani asubuhi. Agnela alikuwa na watoto wa kuwapeleka shule, Fransiska alikuwa anafungua marobota ya viatu, na sisi wengine usingizi ulikuwa mtamu. Agnela akacheka, akamtupia Tabea mpira. "Hebu tuonyeshe alichokufundisha huyo dada."

Tabea alidunda mpira mara chache akielekea kulia, akageuka ghafla. Akabana kiwiko cha kulia ubavuni, akameza pumzi, akakaa hivyo kidogo kama anayesikiliza kitu, kisha akaruka na kutupa kwa mkono wa kushoto. Mpira ulipita kikapuni bila kugusa chuma.

Hakuna aliyepiga makofi. Agnela alirudi nyuma hadi akagonga benchi nililokalia. Kocha alivua kofia, akaishika mkononi kama mtu aliye kaburini.

Mtupo ule ulikuwa wa mtu mmoja tu, Resiato, binti wa Oldonyo Sambu aliyecheza nasi. Watoto wa mitaani walikuwa wakimwigiza, wanabana kiwiko na kuvuta pumzi halafu wanaanguka kwa kicheko. Alianguka kwenye uwanja ule ule, Julai kama hii, tukiwa mazoezini, akafia njiani kabla hatujafika hospitali. Tabea wakati huo alikuwa mtoto Tengeru. Hakuwahi kumwona Resiato akicheza, na picha za timu zilishapotea na ofisi za kiwanda.

"Wewe mkono wako ni upi?" kocha alimuuliza taratibu.

"Wa kulia. Ila dada alisema nitumie huu."

Agnela aliokota mfuko wake. "Kocha, mimi huyu simlei. Nina watoto." Akaondoka bila kuaga. Wakongwe wengine, mmoja mmoja, wakakumbuka kwamba giza linaingia. Tabea alibaki amesimama pale, mpira kwapani, hajui amekosa nini.

Fransiska ndiye aliyebaki. Alikuwa mzee kuliko sote na goti lake moja lilishakuwa bovu, siku hizo alicheza dakika za mwisho tu. Na ndiye aliyekuwa na haki ya kuogopa kuliko mtu yeyote, maana yeye na Resiato walikuwa wamepanga chumba kimoja Ngarenaro tangu wakiwa wapya kazini.

"Nipe mimi," alisema.

Kocha alimtazama sana. "Wewe ndiye niliyekuwa nimemchagua tangu mwanzo. Agnela angemfundisha kufunga. Mimi namtaka wa kumfundisha kudumu."

Asubuhi iliyofuata Fransiska alifika getini kukiwa kunapambazuka. Mengi ya yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, mengine nilimsikia Lemburis akiyasema. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani, umejaa kati ya maghala mpaka ukuta hauonekani. Lemburis alikuwa amejifunga shuka mpaka masikioni.

"Mtoto ameshaingia?" Fransiska aliuliza.

"Ameingia, dada. Yuko na mwenzake."

"Mwenzake yupi?"

"Yule mrefu. Nami nilitaka nikuulize," alisema Lemburis, akashusha sauti, "huyo mwenzake anapitia wapi? Hapa getini hajawahi kupita. Simwoni akiingia, nakuta tu wanacheza wawili."

Fransiska alizunguka ghala akifuata sauti ya mpira. Alisikia miguu ya mtu mmoja, kisha ya wawili. Alipofika pembeni mwa uwanja alimwona Tabea upande huu, anatoa pasi ya kifuani kuelekea ukunguni. Upande ule kulikuwa na ukungu mtupu. Mpira uliingia ndani yake na haukudunda. Kimya. Halafu ukarudi kwa nguvu, usawa wa kifua, kama unavyorudi mpira uliotupwa na mtu anayejua kutupa. Tabea aliudaka, akabana kiwiko, akameza pumzi. Na huko ukunguni mtu akakohoa, kikohozi kifupi kikavu kinachozuiliwa kwa ngumi. Fransiska alikuwa amekisikia kikohozi kile usiku mwingi, kutoka kitanda cha pili.

Aliniambia miguu yake ilitaka kukimbia, goti bovu na zima sawasawa. Kilichomzuia ni kumwona Tabea ameinama kidogo, ameshika ubavu.

"Tabea."

"Shikamoo, dada Fransiska."

"Marahaba. Kwa nini unabana kiwiko hapo?"

"Ndivyo anavyofanya dada. Nabana, nameza pumzi, halafu naruka. Bila hivyo haingii."

"Na hapo unapopabana panauma?"

Tabea alitazama ukungu kana kwamba anaomba ruhusa ya kujibu. "Mwanzoni hapakuuma. Siku hizi panauma."

Fransiska alimshika mkono akamkalisha kwenye benchi. Ndipo alipomwambia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua, hata sisi tuliolia mazishini. "Ile haikuwa staili, mdogo wangu. Huyo dada alikuwa mgonjwa. Alikuwa anabana maumivu kabla ya kuruka, na pumzi alikuwa anaimeza ili asikohoe mbele ya watu. Walikuwa wanapunguza wafanyakazi, na mgonjwa alikuwa wa kwanza kutoka. Nilimsihi aende hospitali, akasema tumalize kwanza mashindano. Watu wakaona uzuri, wakashangilia. Na yeye anakufundisha alichonacho chote, na hicho kimo humo humo."

"Anakusudia mabaya?"

"Resi? Hapana. Anakupenda. Hajui tu kutenganisha."

Siku hiyo hiyo alimpeleka hospitali. Daktari alimpima kifua, akampiga picha, akasema mapafu safi kabisa, huyu binti ni mzima kuliko sisi. Lakini usiku shangazi yake alimsikia akikohoa.

Tulimshauri Fransiska ahamishie mazoezi kwingine, kuna uwanja wa shule si mbali. Agnela alitaka aitwe mchungaji auombee uwanja. Fransiska alikataa yote mawili. Wakiondoka pale, alisema, yule mwingine atabaki anamngoja mtoto, na mtoto ana miguu, atarudi. Biashara ya viatu akamwachia jirani asubuhi, akawa anakwenda uwanjani na Tabea kila alfajiri, katika ukungu ule ule.

Kazi ilikuwa kumtoa Tabea pumzi aliyokuwa akiimeza. Fransiska hakuwa na ufundi wa ajabu. Alimwambia aongee wakati anaruka, maana anayeongea hawezi kuzuia pumzi. Aseme chochote. Tabea alichagua kutaja vitu vya nyumbani kwao: kahawa, ndizi, ng'ombe, mama. Kiwiko alimfundisha kukiachia kwa kumfunga jani la mgomba kwenye kiwiko cha kulia, akibana linachanika. Mitupo ikaanza kukosa. Kila mpira uliokosa ulibingirika kwenda ukunguni, na kila mara ulirudishwa, asubuhi nyingine polepole, nyingine kwa hasira, ukagonga benchi. Lemburis aliacha kuzunguka upande ule.

Asubuhi moja mpira ulirudi ukasimama kwenye mguu wa Fransiska. Hakumpa Tabea. Aliuokota, akatembea akichechemea hadi mstari wa katikati, mahali Resiato alipoanguka.

"Resi," alisema, kwa sauti ile ile ya kumwamsha mtu chumbani. "Umemfundisha vya kutosha. Kugeuka kwako kuzuri, pasi zako nzuri, hivyo atabaki navyo. Hiki kingine ni chako. Kichukue."

Akaubingirisha mpira ukunguni. Walingoja. Tabea aliniambia baadaye kwamba kulikuwa kimya kiasi cha kusikia matone yakidondoka kutoka kwenye mabati ya ghala. Walingoja mpaka mwanga ukawa mkubwa na ukungu ukaanza kupanda mlimani, ukuta ukaonekana, nyasi zikaonekana. Uwanja ulikuwa mtupu. Mpira haukuwepo. Tuliutafuta jioni timu nzima, kwenye mitaro na juu ya mabati, hatukuupata, na Lemburis aliapa hakuna kitu kilichotoka getini.

Kikohozi kiliisha wiki hiyo. Mkono ukarudi kuwa wa kulia. Tulipokwenda Moshi kwa mashindano ya kanda, wapinzani walicheka kumsikia msichana anaruka huku anasema ndizi, lakini kicheko kiliwaisha kabla ya mapumziko. Nilikuwa benchi karibu na Fransiska. Hakushangilia hata mara moja. Alikuwa anamtazama Tabea ubavuni tu, mechi nzima.

Baada ya mashindano Fransiska na Tabea waliomba kocha awape ruhusa, wakaenda Oldonyo Sambu kwa mama yake Resiato. Macho ya bibi yule yalikuwa yamekwisha. Alikaa mlangoni kwenye jua, upepo mkavu wa upande ule wa mlima unapuliza vumbi. Fransiska alimsalimia, akakaa, wakazungumza habari za mvua na mbuzi. Tabea alikuwa amesimama nyuma, hajasema neno, wala hakuna aliyemtaja. Bibi akanyoosha mkono upande wake.

"Na huyu mwingine mbona hakai? Alikuwa anakuja naye."

"Nani alikuwa anakuja naye, yeyo?" Fransiska aliuliza, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Binti yangu. Alikuwa ananiletea sauti ya huyu asubuhi, wanakohoa. Siku hizi wamenyamaza wote wawili." Akavuta shuka mabegani. "Ni vizuri. Kikohozi kile kilikuwa kinaninyima usingizi."

Aliwapa maziwa. Walikunywa, wakaaga.

Mwekezaji alikuja mwishowe, akaubomoa ukuta na uwanja akaufanya maegesho ya malori. Timu ikatawanyika. Tabea alichukuliwa na timu ya Dar es Salaam, akacheza muda mrefu, akasomea ualimu wa michezo, na sasa ana watoto wakubwa. Fransiska hakurudi kucheza, lakini klabu za mjini zilikuwa zinamwita azichagulie wakongwe wa kulea wachezaji wapya, maana jina lake lilikuwa limeshaenea. Mara moja nilimsindikiza. Wakongwe walikuja na medali zao, wanajieleza wamefunga kiasi gani na wamecheza wapi. Yeye alimuuliza kila mmoja kitu kimoja: "Uliumia wapi, na ulimficha nani?"

Aliyesema hajawahi kuumia, Fransiska alimshukuru kwa adabu na kumwambia aende.

Alifariki Kibosho kwa shinikizo la damu, amezungukwa na wadogo zake. Tabea alifika mazishini kutoka Dar es Salaam, tukakaa pamoja kwenye migomba tukila ugali na nyama. Nilimuuliza kama aliwahi kumwona usoni yule dada wa asubuhi, hata mara moja. Alitafuna, akameza, akasema alimwona kila siku.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa amechoka," alisema Tabea, akaniomba nimsogezee chumvi.