Pikapu Iliyozimika Kwenye Mikaratusi

Mara ya kwanza pikapu ya baba ilipozimika kwenye kona ya mikaratusi, nilidhani nimekanyaga klachi vibaya. Mara ya pili nililaumu petroli. Mara ya tatu mdogo wangu wa kike, aliyekaa kando yangu na kikapu cha maharage mapajani, hakunigeukia. Alitazama mbele tu, akasema taratibu, "Dada, ni hapa hapa."

Nilijua ni hapo hapo. Baba alifia hapo.

Tulikuwa watoto wanne pale Busunzu: mimi, mdogo wangu huyo, na mapacha waliokuwa darasa la tatu. Mama alitangulia nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule mwaka huo, baba akanifundisha kuendesha ili tusaidiane kupeleka maharage na mihogo sokoni Kibondo, maana pumu ilikuwa imeanza kumshinda. Akihema, nyumba nzima ilisikia: pumzi tatu fupi, kisha moja ndefu, kama mtu anayefyonza hewa kwa meno yaliyofungwa.

Asubuhi moja ya ukungu pumu ilimbana kuliko siku zote. Nilimketisha mbele, shangazi aliyekuja kumuuguza akamshikilia, na miguuni pao tukaweka shuka jipya la kulalia hospitalini, likiwa bado ndani ya nailoni yake. Kwenye ile kona, barabara inapopanda kati ya mikaratusi, nilisikia zile pumzi tatu fupi. Nikaingoja ile ndefu. Shangazi akasema, "Geuza gari, mwanangu."

Tulimlaza nyuma, tukamfunika kwa lile shuka. Tangi lilikuwa limejaa na mpira wa kifuniko chake ulikuwa umelika, kwa hiyo petroli ilimwagika kila tulipoingia shimoni. Shangazi, aliyekaa nyuma na mwili, alinigongea kioo. Harufu ilikuwa imeshaingia kwenye shuka, akasema. Nikasimama. Nikachukua nailoni ya shuka, nikaikunja mara nne, nikaiweka kwenye mdomo wa tangi na kukaza kifuniko juu yake. Harufu ikakoma. Niliona kwamba angalau hilo nimelifanya vizuri siku ile.

Baada ya matanga nilirudi barabarani. Pikapu ilitoka nyumbani ikivuma vizuri, ikapata moto, ikafika kwenye mikaratusi, ikakohoa mara mbili na kuzimika. Baada ya nusu saa iliwaka kana kwamba haijawahi kuugua. Safari iliyofuata, vivyo hivyo. Majirani waliokuwa wakipanda nasi kwenda sokoni walianza kusema wanaona heri watembee.

Fundi wa Kibondo alisema ni joto: injini ikichemka, petroli inageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta. Akaifungua kabureta, akaiosha, akaizungushia pampu ya petroli kitambaa kilicholowa maji. Ilizimika na kitambaa chake. Nikapanda basi hadi Kasulu kununua koili, maana koili nayo ikipata moto sana hukata cheche. Mwenye duka la vipuri, mzee wa Kiislamu ambaye kwao ni pwani, alinihoji kama daktari anavyomhoji mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Nilimweleza yote, hata habari ya kona.

"Mizimu siuzi," akasema. "Ingekuwa na soko ningeipanga rafuni kabla ya plagi."

"Mzee, mimi sitanii."

"Najua, mwanangu. Na mimi nikimaliza kutania huwa nasema kweli. Gari la kabureta linaomba vitu vitatu tu: petroli, cheche na hewa. Likizimika usikimbilie spana. Kaa kimya, lisikilize limenyimwa kipi."

Nilifunga koili mpya. Ilizimika.

Ndipo alipokuja baba mdogo. Hakuja kwa ubaya. Alituletea ndizi, akawauliza mapacha habari za shule, kisha akaketi kwenye kiti cha baba na kuvua kofia.

"Binti yangu, kaka analishika gari lake. Kabureta siijui, lakini macho ninayo. Jumapili, watu wakitoka kanisani, tutakaa kikao. Huyu anayekufuata ataenda Buhigwe kwa shangazi yenu. Mapacha nitawachukua mimi."

"Na mimi?"

"Wewe ni mkubwa. Hutakosa pa kukaa."

"Na gari?"

"Liote majani hapo lilipo."

Mdogo wangu alikuwa akichambua mchicha mlangoni. Mikono yake ilisimama.

"Baba mdogo," nikasema, "nikikupitisha kwenye kona ile mpaka Kibondo na kukurudisha bila gari kuzimika, utasemaje?"

Akaigeuza kofia mikononi. "Likinipitisha pale, sitafungua tena mdomo wangu juu ya watoto hawa."

Jumamosi nilitoka na mdogo wangu kulijaribu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na mikaratusi ilionekana mashina tu, bila vichwa. Pikapu ilizimika pale pale. Safari hii sikufungua boneti. Tulikaa. Hakukuwa na lori, hakukuwa na upepo. Matone tu kwenye bati, moja moja. Kisha mdogo wangu akanishika mkono.

"Dada. Anahema."

Niliisikia. Ilitoka nyuma yetu, huko tulikomlaza baba. Fupi, fupi, fupi. Halafu ile ndefu.

Mwili wangu wote ulitaka kukimbia. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, na nyumbani mapacha walikuwa wameanza kulala wameshikana mashati. Nikafungua mlango. Nilitembea nikiwa nimeushika ubavu wa gari kama mtu anayevuka mto, nayo sauti ikaongezeka hatua kwa hatua, hadi nilipojikuta nimesimama mbele ya mdomo wa tangi. Nikainama, nikaweka sikio. Ilikuwa humo.

Nilipolegeza kifuniko, tangi lilivuta hewa kwa nguvu, mvuto mmoja mrefu, na nailoni ikafyonzwa shingoni mwake hadi nikaivuta kwa kucha. Kisha kimya.

Kifuniko kile kina tundu dogo la kuingizia hewa pale petroli inapopungua. Mimi ndiye niliyeliziba. Na si siku ile ya msiba tu: kila nilipotia petroli niliitoa nailoni, nikaisawazisha kwa kiganja na kuirudisha, kwa sababu ilikuwa ya shuka lile na sikuweza kuitupa. Tangi likikosa hewa huing'ang'ania petroli. Kutoka kwetu hadi kwenye kona, injini ilivumilia. Penye mlima, ilipohitaji zaidi, haikupata. Tulipokaa kusubiri, hewa ilipenya kidogo kidogo kwenye mikunjo, na gari likawaka. Wote tulidhani ni joto kwa kuwa muda wa injini kuchemka na muda wa tangi kukosa hewa ulikuwa ule ule.

Nilimweleza mdogo wangu yote hayo tukiwa tumesimama barabarani.

"Basi si baba?"

"Ni nailoni."

"Mbona inahema kama yeye?"

Niliingia garini, nikageuza ufunguo, likawaka mara moja.

Jumapili baba mdogo alipanda na suti yake ya kanisani. Tulipokaribia mikaratusi alivua kofia, akaiweka magotini, akashika dashibodi kwa mikono yote miwili. Nilikanyaga mafuta. Miti ikapita, kulia na kushoto, na barabara ikafunguka mbele yetu. Tulifika Kibondo, tukageuza, tukarudi bila gari kuzimika. Nyumbani watu wa kikao walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mabenchi. Akawaambia, "Nendeni mkale. Watoto wanabaki na dada yao."

Tumebaki. Mpira mpya wa kifuniko niliununua kwa yule mzee wa Kasulu. "Lilinyimwa kipi?" akauliza. Nikamwambia hewa. Safari hiyo hakutania.

Nailoni ninayo, ndani ya kurasa za Biblia ya mama. Mwaka jana, mchana mmoja wenzangu wakiwa shambani, niliirudisha kwenye tangi, nikaendesha hadi kwenye mikaratusi, gari likazimika. Nikashuka, nikatega sikio. Ulitoka mlio mmoja mwembamba, ulionyooka, usiokatika, kama wa birika. Nilisubiri karibu saa nzima. Haukubadilika; zile pumzi hazikuja.

Niliporudi mdogo wangu alinusa petroli mikononi mwangu, akajua nilikotoka.

"Ilikuwaje?" akaniuliza.

"Ilihema vile vile," nikasema, nikaenda kunawa.